Siku Mama Mkwe Aliponipa Mgongo

Wenzangu wa hapa machimboni Osiri mmekuwa mkinicheka kwa habari nusu nusu, kwa hivyo leo nitaisema yote mwenyewe, na aibu yake yote, halafu mkitaka kuendelea kucheka basi mcheke mkijua ukweli.

Mnajua mimi ni mtu wa nchi kavu. Kwetu Kuria ni ng'ombe na mahindi, na kazi yangu hapa ni kutengeneza mota za mashine za kusaga mawe ya dhahabu, yaani maji niliyozoea ni yale ya ndoo. Lakini nilioa Achieng, mtoto wa Kendu Bay, na tangu tuhamie Migori hakuna siku ilipita bila kulitaja ziwa, mpaka nikamwendea fundi mmoja kule Homa Bay akatuundia mtumbwi mpya wa mbao, rangi ya samawati, ubavuni umeandikwa Nyar Kendu, yaani binti wa Kendu. (Achieng alipoona hayo maandishi alilia, kisha akaniuliza kama najua kuogelea.) Tukamwacha mtoto wetu Boke kwa dada yangu, tukapanga safari ya siku moja: tuingie majini asubuhi, tupige kasia polepole kando ya ziwa, tufike kwa mama yake wakati wa chakula.

Huyo mama yake ndiye niliyekuwa nikimwogopa. Ni mjane, anauza omena, na tangu nimwoe binti yake hakuwahi kuniambia neno zaidi ya salamu. Si matusi, si ugomvi, ni kimya tu. Nami Dholuo yangu, lugha yao, ni ile ya kununua samaki. Kwa hivyo nilijiambia, leo nikifika kwa maji kama mwanamume wa ziwa, na suruali yangu mpya ya khaki iliyopigwa pasi ikanyooka, lazima ataongea na mimi.

Sasa mahali pa kusukumia mtumbwi palikuwa na matope ya kufika magotini. Nikaiangalia suruali, nikaangalia matope, nikaivua. Nikaikunja vizuri nikaiweka ndani ya mtumbwi, upande wa mbele, juu ya mfuko wa chapati, nikabaki na shati jeupe, jaketi la kuelea na boksa nyekundu (ambayo nyuma ilikuwa imechoka, siwafichi).

Tulipokuwa tumeshaingia majini, Achieng akasema, "Baba Boke, vaa suruali."

"Miguu ikauke kwanza. Nani ataniona huku? Samaki?"

"Vaa tu."

Sikuvaa. Na jamani, niseme ukweli, ile asubuhi ilikuwa tamu. Mwanzoni nilikuwa nauzungusha mtumbwi kama ng'ombe wa kinu cha mafuta ya simsim, lakini Achieng akanionyesha vile kasia linashikwa, na baadaye tukawa tunateleza tu, mlima wa Homa uko pale, ndege weusi wamekaa juu ya vijiti vya wavuvi wakianika mabawa, upepo hakuna, tunakunywa chai ya thamosi, na mke wangu anaimba nyimbo za utotoni nisizozielewa. Miguu ilikauka zamani. Nikaona hata haina haja ya haraka.

Mchana upepo ukaamka. Boti moja ya injini ikapita karibu, ikatutupia mawimbi, mtumbwi ukainama, na suruali yangu ikateleza taratibu kama mtu anayeshuka kitandani, ikaingia ziwani. Nikairukia. Suruali sikuipata, kasia likaniponyoka, nami nikatumbukia nyuma yake! Achieng alinivuta kwa jaketi mpaka nikarudi ndani nikikohoa, mtumbwi nusu umejaa maji, kasia limebaki moja, na magugu maji yanakuja na upepo kama shamba linalotembea. Yakatuzunguka, yakatubeba, na hatukuwa na la kufanya ila kutoa maji kwa kikombe cha thamosi.

Yakatuleta mpaka karibu na ufuo, yakakwama, nasi katikati yake. Ufuoni wanawake wengi walikuwa wakianika omena. Achieng akakaza macho.

"Yawa! Yule wa kitambaa cheupe ni Mama."

Nilivua jaketi nikajifunika mapajani. Mama mkwe akasogea, akaweka mkono juu ya macho, akaona binti yake, akaanza kufurahi, kisha akaniona mimi. Akageuka papo hapo, akalipa ziwa mgongo. (Mkwe na mkwe kuonana hivyo ni jambo zito, kwao na kwetu pia.) Halafu jirani yake naye akageuka, kisha dada zake, kwa sababu wote hao ni mama wakwe zangu kwa hesabu ya kwao, mpaka ufuo mzima ukawa migongo mitupu.

"Achieng!" mama akaita akiwa vile vile. "Njoo uchukue kamba!"

"Wacha niende mimi," nikasema.

"Wewe kaa hapo hapo!" Achieng akanifokea.

Achieng akashuka, maji ya kiunoni, akapasua magugu, akaifunga kamba mbele ya mtumbwi. Wale akina mama wakaitia mabegani, wakatembea kuelekea juu bila hata mmoja kugeuka, nami nikavutwa nchi kavu kama gunia, nimeinamisha kichwa. Mama mkwe akafungua leso yake ya juu, akaitupa nyuma kwa bega. Nikaifunga, tukaenda nyumbani.

Nilikula samaki wa ngege peke yangu, nimevaa leso ya maua. Yeye alikuwa jikoni, ukuta katikati. Nikasikia sauti yake ikiniita kwa jina.

"Marwa. Huko kwenu nguo hakuna?"

Kisha kicheko, kirefu, cha kushika mbavu, na wallahi sikuwahi kukisikia kabla ya siku hiyo. Nikacheka na mimi. Akauliza tena, kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Hiyo kazi ya dhahabu. Wewe naingia kwa shimo?"

"Hapana, Mama. Mimi ni wa juu. Natengeneza mashine."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Mimi nilifikiri wewe naingia," akasema. "Mume yangu alikufa kwa maji. Sikutaka kuzoea mtu wa shimo."

Miaka yote hiyo nilidhani ananichukia.

Mtumbwi tuliuacha kwake, nikarudi Migori na suruali ya shemeji iliyoishia chini kidogo ya magoti. Nimeapa: popote penye maji, suruali inabaki kiunoni, ilowe ikitaka. Siku hizi mama mkwe hunipigia simu mwenyewe, na kabla ya salamu huuliza, "Marwa, umevaa?"

Nami humjibu, "Nimevaa, Mama. Na mkanda juu."