Mlima Usio na Boma

Juzi sokoni Birongo, mama mmoja alikuwa akimchagulia mwanawe jaketi la mtumba. Kijana alikuwa anaenda kupanda Mlima Kenya na wenzake wa kanisa. Mama alivuta zipu juu, akaishusha, uso umenuna.

"Huko juu utafikia kwa nani?"

"Hakuna mtu, mama. Ni mawe na barafu."

"Hata boma moja?"

"Hata moja."

Mkono ukasimama kwenye zipu. Sisi huku ardhi ni finyu hata tunashtakiana kwa chifu kwa sababu ya hatua moja ya shamba, na majani chai yamepandwa hadi mlangoni. Mama alilipa bila hata kuomba apunguziwe.

"Ukifika," akanong'ona, nasi wateja wengine sote tukasikia, "weka mpaka kwanza. Picha baadaye."

Tulicheka sana. Halafu nikamuuliza muuzaji kama ana jaketi la saizi yangu.