Madame Kanyere na ban yake

Katika mtaa wa Ngezi, ukitaka kujua kama Madame Kanyere yuko kazini, huna haja ya kuuliza. Unasikiliza tu. Mwanafunzi wake wa darasa la tatu akijibu vizuri, darasa zima linampigia ban: makofi ya haraka, yanakatika, yanarudi kwa nguvu zaidi, na la mwisho linatoka kwa pamoja, paa! Kuku wa majirani walishazoea. Wazazi hawamuulizi mtoto amejifunza nini. Wanamuuliza, "Leo balikupigia ban?"

Mkurugenzi, mzee Josaphat, alipenda hivyo. Alikaa ofisini kwake akiwapima walimu kwa masikio.

Mwaka ule vita ilikuwa imetulia kidogo, wakaja watoto waliokimbia kutoka Djugu. Mmoja wao aliitwa Nadège. Siku yake ya kwanza, mwenzake alipopigiwa ban, yeye aliingia chini ya benchi. Watoto wakacheka. Madame akafikiri ameangusha kalamu. Tangu hapo, kila alichoulizwa Nadège alikosa, na mkurugenzi akasema akiendelea hivyo atarudishwa darasa la pili, akakae na mdogo wake.

Wiki hizo nilikuwa natengeneza madirisha ya darasa, ndiyo maana niliyaona haya.

"Sita mara saba?" Madame aliuliza.

"Makumi ine na tatu," Nadège akajibu.

"Tano mara tano?"

"Makumi mbili na sita."

Madame akaweka chaki chini. Mtoto asiyejua huanguka popote. Huyu alianguka kila mara pembeni kidogo ya jibu, na ili uanguke pale, lazima kwanza ujue jibu liko wapi.

Saa ya mapumziko alimwita, akamkatia kipande cha muhogo. Hesabu hakuitaja.

"Mama," Madame akambembeleza mtoto, "weye unajua kukosa kupita batoto bote. Nani alikufundisha?"

Nadège akacheka, mdomo umejaa. Halafu akasema, "Nikipata, batapiga ban."

"Sasa ban iko na ubaya gani?"

"Inalia sawa masasi ya kwetu."

Madame aliangalia viganja vyake, vile vilivyokuwa vikilia kama risasi, akavifuta kwenye kikwembe, ingawa havikuwa vichafu.

Darasani hakumtaja mtoto. Alisema, "Batoto, ban yetu imezeeka. Nani ataleta mupya? Lakini kuku wa inje basiisikie."

Rodrigue akaleta ya kutikisa masikio. Yalitikisika yake tu, ikakataliwa. Mwingine akaleta ya kuvimbisha mashavu. Wakarushiana mate kwa kucheka. Ndipo Dorcas, msichana wa benchi ya nyuma, akasugua viganja polepole, kama mvua inapoanza kwenye nyasi za paa.

"Hiyo!" wakasema wote.

Kesho yake mkurugenzi alisikiliza asubuhi nzima asisikie kitu. Akaja mbio, akakuta darasa lote linasugua mikono.

"Madame, batoto banasikia baridi?"

"Hapana, Direktere. Banamupongeza mwenzao."

"Tutaona. Nadège, simama. Ukikosa hii, unaenda la pili leo leo. Saba mara nane?"

Nadège hakuangalia dari. Aliangalia mikono ya mkurugenzi, mipana kama sahani.

"Papa Direktere, nikipata, utapiga mikono?"

"Eh! Nani anauliza hapa, mimi ao weye?"

Nadège akawatazama wenzake. Viganja vyao vilikuwa vimeshikana tayari, vinangoja.

"Makumi tano na sita."

Kwa mazoea, mkurugenzi akainua mikono juu.

"Shhh!" darasa zima likamkemea.

Mzee akabaki mikono iko hewani, kama mtu aliyebeba kreti ya bia isiyoonekana. "Sasa niipeleke wapi?"

Nadège akatoka kwenye benchi, akaishika ile mikono mikubwa, akaiunganisha. "Hivi, papa. Polepole."

Mzee akasugua. Akasugua tena.

"Madame, huyu anabaki kwako," alisema bila kuacha. "Lakini na mimi muniulize kitu. Siwezi kusugulia bengine tu."