Siku Niliyomhoji Papa Juu ya Kinywa Chake

Mimi sina subira na mtu anayenidanganya huku ananiangalia machoni, na kazi niliyopata mwaka ule ilikuwa ya kudanganywa kutwa nzima. Wanafunzi wa udaktari wa meno walikuja Rusizi kufanya utafiti juu ya usafi wa kinywa na mambo yanayofanya kinywa kinuke. Walitafuta watu wa hapa Kamembe wanaojua Kiswahili na Kinyarwanda, wapite nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali. Nadhani walinichukua kwa sababu ya mdomo wangu, maana ninaongea sana.

Kwanza walitufundisha. Walituambia tulambe mkono, tungoje ukauke, kisha tunuse, hapo mtu atajijua. Basi watu wazima wenye akili zao tukakaa chumba kizima tukijilamba mikono, na mimi niliponusa wangu niliupangusa haraka kwenye nguo. Tuliambiwa pia kwamba kupiga mswaki peke yake hakutoshi: ulimi nao husafishwa, ufizi unaotoka damu hunuka, kinywa kikavu hunuka, na meno ya bandia yasiyotolewa usiku ndiyo balaa yenyewe. Niliandika yote kwenye daftari langu na sikuyafikiria tena.

Huko kwenye nyumba za watu sasa! Ukiuliza mtu anapiga mswaki mara ngapi kwa siku, jibu ni mara tatu. Mzee mmoja wa Nkanka, aliyebakiwa na meno mawili, naye aliniambia mara tatu. Nikamwomba nione mswaki wake, akatoka taratibu na kwenda kuazima kwa jirani. Nikiuliza kama kinywa cha mtu kinanuka, mke alijibu juu ya mume na mume juu ya shemeji yake, ila juu ya nafsi yake hakuna aliyejibu. Nilicheka njia nzima nikirudi mjini.

Lakini nani wa kumwambia mwenzake? Kwetu utapewa bonboni ya kunyonya bila sababu, au mtu atasogeza kiti chake kidogo na kukuitikia kwa kichwa. Kumwambia mkubwa wako waziwazi ni sawa na kumtukana. Kumwambia baba yako mzazi, hilo hata halifikiriwi.

Na Papa, baba yangu, alikuwa ananuka kinywa. Ni fundi cherehani, anashonea watu barazani kwetu tangu sijazaliwa, na fundi hawezi kupima mabega ya mtu akiwa mbali. Tulijua sote nyumbani, na hatukuelewa, maana swaki, kile kijiti cha kusugulia meno, haikosi kwenye mfuko wa shati lake. Kabla ya kila swala anasugua meno, mara tano kwa siku, na yeye hadanganyi. Kwa karatasi zangu, angekuwa mtu msafi kuliko wote Kamembe.

Wamama wakaacha kuja kupimwa. Walituma batoto na gauni la zamani, wakisema shona kama hii. Kisha hata magauni yakaacha kuja. Papa alisema watu siku hizi wanapenda nguo zilizokwisha kushonwa, na asubuhi moja, akikunywa chai, akaniambia kwa upole kwamba kuna mtu atakuja kuangalia cherehani, akiipenda ataichukua.

Nilikasirika. Niliwakasirikia wale wamama, nikajikasirikia mwenyewe zaidi, mimi ninayeingia kwenye nyumba za watu nisiowajua kuwauliza habari za vinywa vyao. Tulikuwa tumekatazwa kuhoji ndugu. Hata hivyo nikachukua karatasi, nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya Papa na kuanza swali la kwanza.

Alifurahi, masikini. Alijibu yote akiwa amenyoosha mgongo, hadi swali la meno ya bandia. Anayo matatu ya juu, yalitengenezwa Bukavu zamani sana, hata mimi nilikuwa nimesahau kwamba si yake. Nikamuuliza kama anayatoa usiku. Akasema hapana, hayatoi tena. Swali lililofuata lilikuwa lile la harufu.

“Papa, yuko muntu anakuambiaka kama kinywa inanuka?”

Aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. “Alikuwa mama yako,” alisema. “Kila usiku analeta glasi ya maji, anasema leta hiyo meno. Na kama ninanuka, ananiambia palepale. Tangu akufe, hakuna muntu ananiambiaka kitu.”

Maman ana miaka miwili kaburini. Nilitaka kulia, nikasema kwanza kile kilichonileta pale.

“Papa, unisamehe. Inanuka. Batu banaogopa kukuambia, na siye pia tuliogopa.”

Akaweka kiganja mdomoni. Nami nikaangalia karatasi yangu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani nimemliza baba yangu, kumbe anacheka. Akauliza ni wamama gani waliokimbia, nikawataja, akacheka zaidi, kwa mmoja akasema kweli yule alipimwa mkono akiwa amefunga pumzi. Baadaye akafuta macho, akaniuliza kwa nini nimemwacha muda wote huo. Nikasema niliona haya.

“Mama yako hakuonaga haya,” alisema.

Akachukua simu, akamwambia yule mtu asisumbuke kuja, cherehani haiuzwi. Kisha akanigeukia, akagonga karatasi yangu kwa kidole pale kwenye swali nililokuwa sijajaza.

“Andika hapo kwamba yuko,” alisema. “Andika ni binti yangu.”