Ufunguo Uliolelewa Malampaka

Laptopu yangu ya kwanza ilivimba. Betri ilifura mpaka kibodi ikainuka katikati, na kalamu uliyoiweka juu yake ikawa inateleza yenyewe hadi mezani. Fundi mmoja wa karibu na stendi ya Bariadi aliitazama, akairudisha chini taratibu kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota, akasema, "Dada, hii usilale nayo chumba kimoja." Ndipo nilipoamua kuhamia laptopu nyingine.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu. Watu wa hapa mjini wakisikia hivyo huniletea simu zilizoingia maji, nami nimeshazoea kuwaelekeza kwa fundi. Programu yangu moja tu ndiyo iliyopata watumiaji wa kweli, nayo ni ya wafugaji. Mwenye mnyama mgonjwa anabonyeza kitufe, anaeleza kwa sauti, na daktari wa mifugo anapata ujumbe mfupi kwamba fulani wa kijiji fulani anamhitaji. Ujumbe huo unapita hata kwenye mtandao hafifu. Sauti yenyewe ni nzito, kwa hiyo inabaki ndani ya simu ikingoja waifai ndipo ipande kwenye kompyuta za mbali, zile ambazo sisi wa kazi hii tunaziita wingu. Kwetu Mwamapalala waifai haijafika. Sauti zote za Mwamapalala zilibaki kwenye simu za Mwamapalala.

Mtumiaji wangu wa kwanza alikuwa baba. Aliitumia kwenye simu ya mama, maana yake ilikuwa ya vitufe na hakutaka kuachana nayo. Baba aliamini kuwa huwezi kumweleza mtu shida kabla hujamsalimia, na kwamba salamu bila jibu ni matusi. Kwa hiyo alibonyeza kitufe, akasema "Mwangaluka, daktari," akanyamaza kumpa daktari nafasi ya kuitikia. Akauliza hali ya nyumbani, akanyamaza tena. Muda wa kurekodi niliouweka ulikuwa ukiisha kabla hajafika kwa mgonjwa. Nilipouongeza kutoka kule kwenye wingu, bila toleo jipya, aliongeza salamu.

Baba alifariki mwaka jana, majira ya kupanda. Tangu hapo mama alikuwa na desturi yake: akishakamua asubuhi anakaa kwenye kigoda, anafungua ile programu na kumsikiliza mumewe akimwamkia daktari wa mifugo. Sikumuuliza kitu juu ya hilo, naye hakunieleza.

Kisha wenye wingu wakafunga mlango wa zamani na kufungua mpya. Programu yoyote isiyoletewa toleo jipya ikawa inafunguka ukurasa mweupe tu. Mama akanipigia.

"Baba yako hafunguki."

"Hafunguki vipi?"

"Nabonyeza, kunakuwa kweupe. Kuna mtengeneza simu hapa gulioni anasema niifute hiyo programu halafu aniwekee upya."

Nilipiga kelele ambazo majirani zangu walizitolea maelezo yao. Programu ikifutwa, kila kilichokuwa ndani yake kinaondoka nayo, na baba alikuwa ndani yake. Nilimwambia mama asimpe mtu yeyote ile simu, hata katekista. Akaniuliza katekista anahusikaje. Nikamwambia hahusiki, asimpe tu.

Dawa ilikuwa moja: nitengeneze toleo jipya, likae juu ya lile la zamani bila kufuta kitu. Na toleo jipya lisingetoka kwenye laptopu iliyovimba. Nikanunua nyingine Mwanza, ya mtumba lakini iliyonyooka, nikanakili folda nzima ya mradi kwenye flashi, nikaihamishia.

Watu hudhani kuhamisha mradi ni kubeba folda. Folda ilifika salama, ikafunguka, kisha ikaanza kutafuta vitu vya kompyuta ya zamani kwa majina yake ya zamani, kama mtu aliyehamia kijiji kipya anayeendelea kuulizia kisima cha kule alikotoka. Nikairekebisha. Ikadai vifaa vya kujengea programu. Nikavipakua mpaka bando likaisha, nikanunua jingine, umeme ukakatika, nikaanza tena. Wingu nalo likasema halinijui. Nikajitambulisha, likatafakari, likanikubali. Kila kitu kikakaa kwenye mstari, nikajipikia chai, nikarudi kwenye hatua ya mwisho. Hapo kompyuta ikauliza ufunguo uko wapi.

Ufunguo huu ni faili dogo linaloundwa mara moja tu, siku programu inapozaliwa. Kila toleo hupigwa muhuri kwa ufunguo huo. Simu ikiona muhuri uleule inaruhusu toleo jipya likae juu ya la zamani. Ikiona muhuri mwingine inakataa, na njia pekee inayobaki ni kufuta kwanza. Hakuna wa kumwomba akutengenezee mwingine unaofanana.

Ufunguo wangu haukuwemo kwenye folda. Haukuwemo kwenye laptopu iliyovimba wala kwenye wingu. Ulikuwa Malampaka.

Hapa lazima nieleze. Kwetu, mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Wengine huwapeleka kwa ndugu, kwa mkwe, kwa rafiki wa mbali, wakalelewe huko. Ugonjwa ukiingia zizi hili, la kule linabaki. Mlezi anakunywa maziwa, anatumia samadi, na siku ya kumrudisha ng'ombe hukosi kumpa chochote, pengine ndama. Baba hakuwahi kuandika nani ana ng'ombe gani. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakumfahamu yeye.

Siku nilipoiunda ile programu nilikuwa Mwamapalala, sebuleni, nimezungukwa na marobota ya pamba. Baba alikuwa anakula. Nilimweleza juu ya ufunguo, kwamba ukipotea kazi yote imekwisha. Akaacha kutafuna.

"Uko wapi sasa?"

"Humu kwenye kompyuta."

"Na kazi yenyewe?"

"Humu humu."

"Zizi moja?"

Nikaitazama kompyuta.

"Peleka Malampaka," akasema, "kwa mkwe." Akaendelea kula.

Mkwe wake ni mume wa dada yangu, mimi namwita shemeji. Nikautia ufunguo kwenye flashi na kumpelekea. Mtu mwingine angenakili, akaacha mmoja nyumbani na mwingine akaupeleka. Mimi nilikata, sikunakili. Ng'ombe hanakiliwi. Ukimpeleka kwa mlezi huku nyumbani ukabaki naye, basi hujampeleka. Jambo hili lilikuwa wazi kabisa kwangu na kwa baba, na hakuna aliyekuwepo pale sebuleni wa kutuuliza swali.

Nikampigia dada. Nikamwambia shemeji achomeke ile flashi kwenye kompyuta yoyote pale stesheni, anitumie faili kwa simu, ni kazi ya dakika moja.

"Unataka aitume?" dada akauliza.

"Ndiyo."

"Yaani ng'ombe wako umtumie mtu ujumbe amfungulie, aje mwenyewe?"

"Dada, ni faili."

"Atajua humwamini. Njoo."

Nilikuwa na hofu, na nitaisema hivyohivyo bila kuipamba. Flashi ilikuwa ya bei rahisi, nyumba za kule zina vumbi na panya, na simu ya mama ilikuwa imeanza kuzimikazimika. Nilimwona baba akipotea mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu. Mkono mtupu haulambwi, nikanunua sukari na sabuni za kufulia, nikaenda Maswa, nikaunganisha Malampaka.

Mwenye ng'ombe hafiki kwa mlezi akaanza kudai. Unafika umekuja kusalimia, na mlezi ndiye atakayeligusa jambo lenyewe kwa wakati wake. Tulisalimiana kwa Kisukuma, mhola kwa mhola duhu, salama kwa salama tu. Nikala wali, nikanywa maziwa ya mgando. Yalikuwa ya ng'ombe mmoja wa baba, yule mwekundu wa pembe iliyopinda, ambaye alihamishiwa huko baada ya msiba. Alikuwa amefungwa nyuma ya jiko, amenawiri, akanitazama kama mtu asiyenidai. Tukaongea habari za mvua. Tukaongea habari za bei ya pamba, na za kwaya yao iliyogombana. Treni ikapita, nyumba ikatikisika, sote tukanyamaza mpaka behewa la mwisho, kisha shemeji akaendelea na kwaya alipoishia.

Mwishowe akasema, "Nasikia umehama."

"Nimehama, shemeji."

"Huko ulikohamia kuna majani?"

"Yapo."

"Basi huenda ungependa kumwona yule wako."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Aliyeinama ni yeye, mimi nilimshikia tochi. Alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akatoa suti yake ya harusi, ndani ya suti akatoa soksi, na ndani ya soksi, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi, akatoa flashi.

"Mkague mbele yangu," akasema.

Nikaichomeka kwenye laptopu mpya. Haikuonyesha kitu. Nikaichomoa, nikaipuliza, nikaichomeka upande wa pili. Dada alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Taa ya flashi ikawaka, ikazima, ikawaka tena, na faili likatokea, peke yake kwenye dirisha jeupe.

Shemeji akainama kusoma ukubwa wake. Kilobaiti chache.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Hajanenepa."

"Hawa hawanenepi, shemeji."

Akakubali, japo niliona hakuridhika. Kisha tukafika kwenye ndama. Alikuwa amelea muda mrefu, akasema, na huyu wangu hana maziwa wala samadi. Nikamwambia aseme anachotaka. Alitaka nimtengenezee programu ya kumwambia treni imefika wapi. Anaishi hatua chache kutoka stesheni, na treni ikifika vikombe vinashuka rafuni. Nikamuuliza ataitumia kwa ajili gani. Akasema ndama haulizwi wa kazi gani. Nikaahidi.

Nilirudi Bariadi, nikalipiga muhuri toleo jipya, nikalipeleka kwenye duka la programu, nikangoja wakague. Lilipokubaliwa nilipanda kwenda Mwamapalala asubuhi hiyohiyo, kwa sababu kazi ile sikutaka aifanye mtu wa gulioni.

Mama alikuwa ametoka kukamua. Akanawa mikono, akaikausha kwa kitenge, akanipa simu kwa mikono miwili. Nikawasha mtandao wangu, nikabonyeza pa kuleta toleo jipya. Kama muhuri ungekuwa tofauti, simu ingekataa hapo hapo. Kile kimstari cha kijani kilijaa hadi karibu na mwisho, kikasimama. Mama alikuwa ananitazama mimi, hatazami simu. Kikajaa.

Nilifungua. Weupe ulikuwepo kidogo, kisha sauti zote zikajipanga, moja chini ya nyingine, kila moja na picha ya mnyama wake. Sikumpa mama simu. Nilichomeka waya, nikanakili zote kwenye laptopu mpya, nikanakili tena kwenye flashi, nikanakili tena kwenye simu yangu. Mama akaniuliza kama nimemaliza. Nikampa.

Hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha ya ng'ombe mwekundu, akabonyeza, akaiweka simu mapajani.

"Mwangaluka, daktari," baba akasema. Kisha kimya, kile kimya chake cha kumngoja mtu aitikie.

"Mwangaluka," mama akaitikia.

Sikuwa nimelijua hilo. Miezi yote ile nilidhani anasikiliza tu.

"Mhola huko nyumbani?"

"Mhola duhu," mama akasema.

Baba akaendelea kwa Kisukuma chake cha polepole. Ng'ombe wake mwekundu, wa pembe iliyopinda, anakohoa, na majani hali vizuri. Anaomba daktari aje. Halafu akakohoa yeye mwenyewe, kikohozi kirefu, nikasikia akiisogeza simu mbali na mdomo na kuirudisha.

"Na mimi kifua kinanibana, usiku silali," akasema. "Lakini ukija anza na ng'ombe. Mimi nitasubiri."

Sauti ikakatika hapo. Muda niliouweka ulikuwa umeisha.

Sikuwahi kuisikia ile sauti. Daktari naye hakuisikia. Alipata ujumbe mfupi kwamba kuna ng'ombe anaumwa, akaja, akamtibu ng'ombe, akanywa maziwa, akaondoka. Niliinamia laptopu mpya kana kwamba kuna kitu nakisoma, na machozi yakaanguka kwenye kibodi ambayo bado ilikuwa imenyooka.

Mama akaniacha kwanza. Kisha akaichukua simu mapajani, akaifuta kioo kwa upande wa kitenge uliokuwa mkavu.

"Alipona," akasema.

"Nani, mayu?"

"Ng'ombe. Si umekunywa maziwa yake kwa shemeji yako?"