Hindi Lisilojifunika

Nyinyi wajukuu mtakaosoma haya, mna tabia ya kuniambia kwamba wazee walikataa mbegu bora kwa ujinga. Mnasema hivyo mkiwa kwenye mkeka wangu, mnakula. Basi sikilizeni. Mimi sikukataa. Mimi niliikubali upesi kuliko wengine, na ndiyo maana naandika, ingawa shule yangu ni miaka miwili tu ya misheni.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nami nina mwaka wa pili tangu niolewe huku Mbozi. Nilipotoka kwetu Iyula, mama alinifungia mahindi ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake. Yalikuwa mafupi, punje ngumu kama kokoto, maganda yamebana mpaka nchani. Niliyatundika kwa kamba darini juu ya jiko, moshi ukayafanya meusi. Kila mvua tulitoa pale, kila mavuno tukarudisha pale. Mwanamume hakuyagusa. Mbegu ilikuwa ya mpishi.

Akaja bwana shamba, kaptula imepigwa pasi, katumwa kwa idhini ya mwene, chifu wetu. Alikuwa amelima shamba la mfano kando ya barabara ya Mlowo. Wanaume wakakalishwa mbele, sisi tukasimama nyuma na watoto mgongoni. Mahindi yake yalikuwa marefu, meupe, ya kutamanisha. Akaeleza mistari, akaeleza nafasi, akaeleza magunia. Habari ya kuyatunza mpaka mvua nyingine hakuigusa, na sisi wanawake wa nyuma hakutuuliza.

Mama mkwe alichukua hindi moja, akaligeuzageuza.

"Ncha iko wazi," akasema. "Hili halikujifunika. Fukusi ataingia bila hodi."

Mwanamke mmoja akasema labda fukusi wa Ulaya wana adabu, husubiri kukaribishwa. Wakacheka. Mimi sikucheka, niliwaonea aibu. Ukweli ni kwamba nililitaka lile hindi. Jirani yangu, mke wa mwalimu wa misheni, alikuwa ameshapanda, na kila apitaye njiani alisimama kutazama shamba lake. Hilo ndilo lililonishika, si maneno ya bwana shamba. Mume wangu naye alitaka kwa sababu mwene aliwasifu waliokubali mbele za watu. Sisi wawili, hakuna aliyefikiria chungu cha mwaka unaofuata.

Tukapanda mbegu mpya shamba zima. Yale ya mama niliyashusha, nikayatwanga, nikawapikia ugali watu waliokuja kutusaidia kulima. Mama mkwe alitazama zile kamba tupu darini. Alikula tonge mbili akanawa.

Mavuno yalijaa kihenge mpaka mdomoni. Kiburi kikanipanda. Nikafunga mzigo wa mahindi mapya, nikatembea mpaka Iyula, nikamwambia mama yangu kwamba ya kwake ni ya kizamani, ayale, atundike haya. Bwana shamba mwenyewe asingemweza mama yangu. Alikubali kwa kuwa aliyesema ni mwanawe.

Kabla mvua haijaanza nilifungua kihenge. Ndani palikuwa na sauti kama mtu anatafuna. Nilipotia mkono ulitoka na unga, na fukusi wanatembea mpaka kiwikoni. Yale niliyotundika darini kwa mbegu nayo, hata moshi haukuyasaidia. Ukiyatia majini yanaelea, matupu.

Nikarudi Iyula kuomba mbegu. Mama alikuwa uani anapepeta vumbi lile lile. Hakuniambia karibu.

"Umefuata mbegu?" akasema. "Si ulisema ni za kizamani. Tulizila, mwanangu. Au ulitaka nizifiche nyingine, nikudanganye wewe?"

Nikamsaidia kupepeta, ingawa hapakuwa na cha kupepeta.

Mwaka ule tuliishi kwa ulezi, kwa kipimo, na wakwe zetu wa Ileje, alikoolewa wifi yangu, wakatugawia mbegu yao ya njano. Wema wao siusahau, lakini haikuwa ile. Mbegu ya mama sijaiona tena, si kwetu wala kwa jirani, na mama alizikwa bila kunipa nyingine. Bwana shamba alipoelezwa alisema tulitunza vibaya. Yeye hajawahi kutunza hata debe.

Miaka ikapita, mama mkwe naye akazikwa, jiko likawa langu. Siku moja mume wangu akaingia na mfuko wa mbegu nyingine mpya, anatabasamu kama siku ile ya shamba la mfano. Sikumkatalia. Niligeuza hindi alilopewa la kuonyesha, nikatazama ncha yake, kisha nikawaita wote wa nyumba ile waje jikoni wasikie.

"Hii ipandwe mistari mitatu, kule mwisho wa shamba. Ikikaa darini mpaka mvua nyingine haijaliwa na fukusi, tutaongea. Na kamba hizi za juu, za mbegu ya njano, asizishushe mtu asiyepika."