Kamera ya Kuinamia Haiuzwi

Umande haujakauka katika kijiji cha Rungwe Mpya, Kasulu, na Maximilla Nduwayezu tayari amekunja magoti mbele ya mteja wake wa kwanza. Anapiga makofi ya polepole, anasalimia kwa Kiha.

"Bwakeye, mama."

Bibi Niyonsaba, aliyevaa gauni la Jumapili na kanga mpya mabegani, anaitikia bila haraka. Anauliza habari za watoto, za maharage, za mvua, za mguu wa shemeji. Maximilla anajibu yote, kamera ikining'inia shingoni. Mwandishi wa makala haya, aliyekuja na haraka zake za mjini, anatazama saa. Hakuna anayemjali.

Salamu zinapokwisha, Maximilla ananyanyuka, anafungua kifuniko cha juu cha kamera, anaishika usawa wa tumbo na kuinamisha kichwa kutazama ndani yake. Kwa mbali ungedhani bado anasalimia. Bibi anasimama wima, mikono ubavuni. Kamera inalia kidogo tu, na kazi imekwisha.

"Huyu ana adabu," anasema Bibi Niyonsaba, aliyevuka mpaka kutoka Burundi mara mbili katika maisha yake. "Wengine wanakuja wamekuelekezea kitu usoni, hata jina hawajauliza. Sisi huko tulikotoka tulielekezewa vya kutosha."

Mwaka huu wa 1998, mpiga picha wa aina ya Maximilla hakutakiwa kuwepo tena Kasulu. Yupo kwa sababu ni mbishi, na ubishi wake una historia.

Kamera yenyewe ni kuukuu. Ina lenzi mbili, moja juu ya nyingine, na ngozi iliyobanduka ubavuni imerudishwa kwa gundi ya viatu. Watu wanaiita kamera ya kuinamia. Maximilla, mama wa miaka arobaini na mmoja, aliipata misheni alikokuwa akifua nguo. Bruda mmoja alimfundisha kupiga na kusafisha picha, na aliporudi kwao Ulaya akamwachia kamera hiyo pamoja na sanduku la majarida ya upigaji picha ya miaka ya hamsini na sitini.

Majarida hayo ni ya Kiingereza. Maximilla hajui Kiingereza, lakini kurasa anazijua kama mashamba ya jirani. Anayafungua mkekani, anapita matangazo ya kamera za zamani kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Hii ya kukunja ni nzuri, lakini hiyo ngozi ya mbele, kwetu huku mende wangeimaliza," anasema. "Hii ya bati ni ya watoto. Na huyu ndiye ndugu wa hii yangu. Mwone huyo Mzungu, na suti yake yote, naye ameinama."

Anacheka, na ni raha kumtazama akicheka.

Miaka miwili iliyopita hakuwa akicheka. Ridhiwani, mwenye duka la picha karibu na soko la Kasulu, ndiye aliyekuwa akimletea mikanda mipana ya kamera yake. Siku moja alimwambia imekwisha.

"Mama Ange, haiji tena," alimwambia, akimwita kwa jina la binti yake. "Dar kwenyewe hawana. Dunia imehamia kwenye rangi."

Akampa njia. Aje afanye kazi dukani kwake kwa mshahara, atumie kamera ndogo za kisasa. Na ile ya kuinamia angeinunua, aiweke kwenye kabati la vioo iwe pambo.

"Kabatini, kama sahani za wageni!" Maximilla anasema, na hata leo sauti inapanda. "Hii imesomesha mtoto wangu. Nikamwambia, Ridhiwani mdogo wangu, mimi ni mpiga picha. Siwezi kuwa wa kubonyeza vya watu. Kabati lako litafutie kitu kingine."

Maneno makali hayaleti mkanda. Aliokuwa nao uliisha kabla ya Krismasi, akarudi kwenye jembe. Wazee wa Rungwe Mpya na wa Kitahana, kule Kibondo, walituma salamu kuuliza yuko wapi.

"Niliumia, sikufichi," anasema. "Nikipita mbele ya duka lake nilikuwa nageuza uso."

Jawabu lilikuwa kwenye sanduku. Siku moja, mvua ikinyesha na shamba halilimiki, alikuwa akipekua jarida moja lililoliwa pembeni na panya, akasimama kwenye ukurasa aliokuwa akiupita miaka yote. Picha ilionyesha mikono ya mtu ikipachika mkanda mdogo, ule wa kamera za kawaida, ndani ya kamera kubwa kama yake. Kila upande wa mkanda palikuwa na kipande cha kuubana usicheze.

"Maandishi sikuyagusa. Niliangalia ile mikono inafanya nini."

Alibeba jarida na kamera hadi kwa Bazilio, seremala. Bazilio anakiri kwamba alidhani mama wa watu amechanganyikiwa.

"Kanionyesha kakitu kadogo kama kizibo, eti nichonge viwili," anasema. "Mimi ni mtu wa milango. Nikamchongea vya mninga ili aniache nifanye kazi."

Mkanda ulikaa. Maximilla akakimbilia kanisani kupiga kwaya, mmoja mmoja. Aliposafisha, kila mwanakwaya alikuwa na doa jeupe linalong'aa kifuani. Mkanda mpana huwa na karatasi mgongoni, mdogo hauna, na yeye alisahau kuziba kidirisha chekundu cha nyuma ya kamera. Mwanga ulikuwa umepenya humo.

Katekista Felisiani, aliyepigwa pamoja na kwaya, alikataa kurudisha yake. Aliwaonyesha waumini ile nuru iliyomshukia.

"Nikamwambia, katekista, hilo ni tundu, si Roho Mtakatifu," Maximilla anasema. "Akaninunia. Nikampiga nyingine bure, ya kwanza ameificha mpaka leo."

Kidirisha kikazibwa kwa utepe mweusi. Sasa akimaliza mkanda anaingiza mikono na kamera ndani ya blanketi zito, anautoa kwa kupapasa. Na kwa kuwa mkanda mdogo ni mwembamba na katika kamera hiyo hupita kutoka chini kwenda juu, picha hutoka nyembamba na ndefu. Mtu mmoja anaenea, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. Wazee wameipenda kuliko ile ya mwanzo. Wanaiita picha ya wima.

Anatoza shilingi mia tatu, na kila mwezi anapanda basi kwenda Kibondo, ambako wanamsubiri. Mkanda mdogo wa nyeusi na nyeupe ananunua kwa nani? Kwa Ridhiwani.

"Nilimcheka, sasa ananicheka yeye," anasema Ridhiwani. "Mama yangu alikuja kutoka Ujiji, nikatoa kamera ya rangi. Akasema nisimkodolee lenzi. Kaenda kwa Mama Ange."

Je, mkanda mdogo nao ukiadimika? Maximilla anakunja uso, kana kwamba ameulizwa na mtoto.

"Walisema mpana ukiisha nimeisha. Wakisema tena nitawasikiliza, halafu nitaendelea na kazi."

Mavuno ya maharage mwaka huu yatalipia chumba mjini Kasulu, studio yake ya kwanza yenye mlango na kufuli. Amekichagua mwenyewe, na kinatazamana na duka la Ridhiwani. Fundi rangi ameshapewa maneno ya kibao: PICHA ZA WIMA, NYEUSI NA NYEUPE. ANAYETAKA RANGI AVUKE BARABARA.

Ridhiwani hatakasirika?

"Akasirike kwa lipi?" Maximilla anauliza. "Nimemtangazia bure."