Mji Mkuu wa Burundi

Mwenye baa ya Rusumo alikwenda Kigali kununua viti, akarudi na viti na ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ni chemsha bongo. Huko aliwaona watu wamekaa mezani wanaulizwa maswali ya maarifa, wanajibu, wanakunywa, wanaulizwa tena, wanakunywa zaidi, akaona hapo pana biashara. Sisi tuna malori yanayokaa foleni mpakani kutwa, tuna madereva wasio na la kufanya, tuna mawakala wa forodha wanaojiona wamesoma kuliko wote. Basi akanifuata shuleni Mugoma, akaingia ofisi ya walimu na miwani yake ya jua usoni, akaniambia, "Mwalimu, wewe una sauti na una Kiswahili. Njoo utusomee maswari kila Jumamosi saa tisa alasiri."

"Maswali," nikamwambia.

"Ndiyo hayo hayo."

Alikuwa ameyatoa kwenye simu. Nani alichukua kombe la kriketi? Mbwa wa malkia wa Uingereza walikuwa wa aina gani? Kriketi, jamani! Ngara hii, ambako hata mpira wa miguu tunaucheza kwa kupanda mlima kipindi cha kwanza na kuuteremka kipindi cha pili! Nikamwambia hayo awapelekee hao mbwa, mimi nitatunga yangu. Nikakaa siku nne natunga, kwa moyo mmoja, nikiamini kwamba mtu akiulizwa jambo la maana atajibu la maana.

Loo! Jumamosi ya kwanza niliuliza nyuki ana miguu mingapi. Dereva mmoja, mtu mzima na mvi zake, mwenye mizinga kwao Biharamulo, akajibu minne. Nikamwambia ni sita. Akasimama kunibishia: "Mwalimu, ile miwili ya mbele ni mikono." Meza nzima ikampigia makofi. Nikauliza bara gani halina nyoka. Bwana mmoja mwenye tai, ambaye shahada yake ameitaja mara nyingi kuliko jina la mkewe, akajibu Ulaya. Nikamuuliza kwa nini Ulaya. "Kwa sababu ya usafi," akasema, na akaagiza nyama nyingine. Nilirudi nyumbani nimechoka kama niliyelima shamba la mtu. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, lakini hawakusema madebe yanaweza kujaza meza sita.

Meza iliyokuwa na akili ilikuwa moja tu, ya wastaafu, na iliongozwa na baba yangu.

Baba alikuwa karani wa mahakama Rulenge miaka yake yote ya kazi. Wenzake walipokuwa wananunua ng'ombe, yeye alikuwa anaandika mambo kwenye daftari gumu kwa wino mwekundu: milima, marais, miji mikuu, uzito wa tembo. Tulipokuwa wadogo alituuliza kabla ya kula, na aliyeshindwa alipakuliwa mwisho. Mimi sikuwahi kupakuliwa mwisho. Ndugu zangu walinichukia kwa hilo, nami niliwadharau, na sikuona ubaya wowote. Kwetu dharau ilikuwa kama chumvi, ilikuwepo mezani kila siku.

Ubaya niliuona nilipoanza kuposwa. Wa kwanza alikuwa mwalimu mwenzangu, kutoka Biharamulo, kijana mtaratibu. Alikuja nyumbani na shati jipya, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa kiti. Kabla hajakikalia vizuri baba akamuuliza bahari gani haina pwani. Kijana akacheka, akadhani ni kitendawili. Hakurudi. Wa pili, afisa wa misitu, aliulizwa mtu mzima ana mifupa mingapi. Akafikiri, akajibu, "Inategemea mtu." Baba akamuuliza, "Inategemea nini? Wengine wanaazima?" Na yule naye akaenda zake. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu. Shangazi zangu walikuwa wameacha kuniuliza utaolewa lini, wakawa wananiangalia tu na kuguna.

Wa tatu nilimpenda, nisiseme uongo. Alikuwa wakala wa forodha pale pale Rusumo, kazi yake kupitisha mizigo ya watu mpakani, na alikuwa na upole uliopita kiasi. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba radhi. Mimi niliyezoea kufokeana na watu tangu asubuhi hadi jioni, nikiwa naye nilijikuta nimenyamaza na nimefurahi. Nilimwambia baba kuna mtu anataka kuleta barua ya posa.

Baba akasema, "Nyumbani sitamuuliza. Nyumbani wanatetemeka. Anakaa meza ya mawakala kwenye hiyo chemsha bongo yenu, si ndiyo? Basi tukutane hapo, mbele za watu. Akinishinda, alete barua. Mtu asiyeweza kunishinda hata swali moja atakulindaje mimi nikifa?"

Na alisema kweli, maana baba hana mzaha katika mambo hayo. Lakini oneni mtego huo! Kwetu baba mkwe hapingwi hadharani. Mkwe akisema jua ni jeusi, wewe unaulizia taa. Kijana aliambiwa amshinde mtu ambaye adabu inamkataza kumshinda. Nilipompelekea habari aliniuliza kwa ile sauti yake ya kuomba radhi kama ningeweza kumwonjesha maswali mawili matatu.

Nikamwakia. Nilimwambia mimi nasimamia mitihani ya taifa, nimemtoa mtoto chumbani kwa kosa la kugeuza shingo tu, je, leo nimvujishie mtihani mwanamume mzima? Hana haya? Akaomba radhi. Na usiku ule ule, mimi mwenye haya, nikakaa kutunga swali la mwisho kwa ajili yake.

Nililijua daftari la baba ukurasa kwa ukurasa. Kwenye ukurasa wa miji mikuu, mbele ya Burundi, wino mwekundu ulisema Bujumbura. Ilikuwa kweli zamani. Siku hizi makao makuu yamehamia Gitega, na kijana wangu alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu kila wiki alikuwa anaandika Gitega kwenye karatasi za mizigo. Nikajiambia huu si wizi, ni mpangilio. Sikumpa jibu, nilimtungia swali tu. Kumbe mtu akitaka kujidanganya hakosi msamiati.

Jumamosi ikafika. Madereva walitoka mapema baada ya kuniambia kwamba Ziwa Viktoria lina chumvi. Wenye tai walitoka wakilalamika kuwa maswali hayazingatii elimu ya juu. Zikabaki meza mbili, wastaafu na mawakala, sawa kwa sawa. Mwenye baa, akiwa amemfunga mbuzi wa zawadi kwenye nguzo ya mbele, akatangaza swali la kuamua: mtu mmoja kutoka kila meza, mkubwa kwa umri ajibu kwanza, mdogo afuate, kisha mwalimu asome jibu kwenye karatasi. Aliyejibu vibaya ametoka. Wote wakipata, mbuzi ni wa aliyetangulia. Akasimama baba. Upande wa pili wakamsukuma kijana wangu, naye akasimama akivuta mikono ya shati.

Habari ilikuwa imeshazagaa kwamba huyu anaposa kwa yule. Hata mchoma nyama aliacha kupepea moto.

Nikasoma: "Mji mkuu wa nchi ya Burundi ni upi?"

Baba hakufikiri. "Bujumbura," akasema, "kando ya Ziwa Tanganyika." Alisema huku anamtazama kijana, hakunitazama mimi, nami nikaona ni majivuno yake ya siku zote. Nimekupata, mzee, nikasema kimoyomoyo. Leo umepatikana na mwanao mwenyewe.

Nikamgeukia kijana. Alikuwa analijua jibu, nililiona limemkaa mdomoni. Akamtazama baba, akanitazama mimi, akayatazama maji kwenye glasi yake. Neno moja tu, silabi tatu! Nilimkazia macho hadi yakaniuma. Akainamisha kichwa, akasema, "Mimi ni nani nipite alipopita mzee? Ni Bujumbura."

Makofi hayo! Wastaafu waligonga meza kwa fimbo zao. Mwenye baa akapaza sauti, "Mkwe huyo! Mkwe huyo!" na wote wakadaka wimbo. Mimi nilitaka kumtupia kijana kiti. Nimekupikia, nimekupakulia, nimekunawisha mikono, wewe unasema umeshiba! Dharau niliyomwonea dakika ile ningeweza kuipima kwenye mizani ya forodha.

Lakini karatasi ilikuwa mkononi mwangu, na watu walikuwa wananisubiri. Nikafikiri upesi, na nilichofikiri nitakisema kama kilivyokuwa. Nikisoma Gitega, baba ameaibishwa mbele ya baa nzima na binti yake, na posa imekufa siku hiyo hiyo. Nikisoma Bujumbura, baba anaondoka na mbuzi, ameheshimiwa, amefurahi, na baba aliyefurahi anaweza kulainika.

"Bujumbura," nikasoma. "Jibu ni Bujumbura. Mzee ametangulia, mzee ameshinda."

Kwenye meza ya mawakala mmoja akaruka juu. "Hapana, mwalimu! Gitega! Mbona mizigo tunapeleka Gitega kila siku? Wamehamisha!"

Yule alikuwa mtu pekee mahali pale mwenye jibu sahihi na ujasiri wa kulisema. Nikamtumia sauti yangu ya darasani, ile inayonyamazisha watoto mia. "Kaa chini," nikamwambia. "Unabishana na karatasi? Ndiyo maana hamwendelei." Watu wakamcheka. Akakaa, masikio yake yamewaka, na akatazama chini mpaka mwisho. Karatasi niliikunja mara nne nikaifutika kiunoni.

Kijana wangu alikuja kumsalimia baba kwa mikono miwili, ameinama nusu. Baba aliitikia, akamuuliza habari za kazi, akammwagia asante. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kuliko nilivyopanga, hata nikaanza kumsamehe kijana.

Jioni jua likielekea kuzama tulisimama kando ya barabara, mimi na baba, tukisubiri gari la kutupeleka nyumbani. Baba alikuwa ameshika kamba ya mbuzi. Malori yalipita mawili matatu kuelekea mpakani, tukageuza nyuso kukwepa vumbi.

"Karatasi yako iliandikwa nini?" baba akaniuliza.

"Bujumbura, baba."

Akanyoosha mkono. "Nipe niione."

Sikumpa. Nilishika kiuno changu kama mtoto aliyekamatwa na embe la wizi. Mkono wake ukabaki umenyooka, haukuteremka, mpaka nikasema, "Gitega."

"Najua ni Gitega," akasema baba. "Mama yako nilimtoa ng'ambo, Burundi, na shemeji zangu nazungumza nao kila wiki. Watu wangu wahamishe mji wao mkuu nisijue?"

Nikamuuliza kwa nini basi alijibu vile.

"Nilitaka kumsikia akiniambia, mzee, samahani, hapo umekosea. Basi. Wala asingehitaji kupaza sauti. Angenishinda, ningempa mkono pale pale, na ningekuwa nimelala usingizi wangu." Akamvuta mbuzi asiingie barabarani. "Nilimuuliza mmoja. Nikajibiwa na wawili."

Nilitaka kumwambia nilifanya kwa ajili ya heshima yake. Maneno yalikuwa tayari, mazuri kabisa, nikayaona yalivyo nikayaacha. Badala yake nilisema samahani, na nilisikia sauti yangu imetoka laini, imenyenyekea, sauti ambayo sikuwahi kuwa nayo.

Gari likatokea kwenye kona. Baba akalipungia mkono, akasema bila kunigeukia, "Mwambie alete barua. Nitaipokea."

Nilifurahi, siwezi kukataa. Nikamshukuru. Nikamwambia hatajuta, yule ni mtu mwema.

"Sijasema si mwema," baba akasema, akimnyanyua mbuzi. "Nimesema alete barua. Mmefanana."